JOGINDER SINGH: FUNDI KWANZA, DEREVA BAADAYE

Katika kata ya Misunkumilo, hapa Manispaa ya Mpanda, ipo gereji isiyo na paa wala ukuta, ila mwembe mmoja na shimo la kushukia chini ya gari. Hapo ndipo tulipokaa asubuhi nzima ya Jumamosi iliyopita tukingoja springi ya gari tuliloazima. Kando yetu lilikuwako gari jingine, la idara ambayo hatutaitaja, limewekwa juu ya mawe na majani yameota hadi kwenye vitovu vya magurudumu. Tulimwuliza fundi, kijana wa miaka ishirini na kitu, gari lile lina ugonjwa gani. Akatueleza kwamba bolti moja ya katikati ya springi ya nyuma ilikatika, ekseli ikahama mahali pake, ikavuta bomba la breki hata likapasuka. Chanzo chake ni nati ambazo hazikukazwa upya baada ya springi kubadilishwa. Ni kazi ya siku moja, lakini gari limelala miezi saba likingoja karatasi.

Kisha kijana yule akatuuliza, kwa adabu kama wamwulizavyo mtu mzima, iwapo fundi wa magari amepata kuandikwa gazetini hata siku moja, mbali na habari za ajali na za wizi wa vipuri.

Swali lake halikuwa la mzaha. Sisi tulio katika utumishi wa Chama tumezoea kuandika wasifu wa viongozi, wa masheikh, wa washairi na wa mashujaa wa vita. Mafundi hatuwaandiki. Tulimjibu kuwa yuko mmoja ambaye ameandikwa duniani kote, ila watu humsifu kwa usukani wake wakaisahau spana yake. Tukamwahidi kumwandika, na ahadi ni deni. Wasomaji wetu wa Visiwani watatuwia radhi ikiwa leo safu hii itanuka grisi.

Marehemu Joginder Singh Bhachu alizaliwa Kericho, nchini Kenya, katika nchi ya mashamba ya chai, tarehe 9 Februari 1932. Baba yake, Battan Singh, alitoka Bara Hindi katika miaka ya 1920 kuja kutafuta riziki upande huu wa bahari. Hakuwa wa kwanza. Reli ya Uganda ilipojengwa kutoka Mombasa kati ya 1896 na 1901 waliletwa kutoka Bara Hindi watu wapatao 32,000, vibarua na mafundi, na miongoni mwao Masingasinga walitia fora kwa useremala, uhunzi na uashi. Wengi walirejea kwao, maelfu wakafa au wakalemaa, na wachache wakabaki. Tangu hapo, katika miji yetu mingi, mtu akimtaja Kalasinga msikilizaji humwona mtu mwenye kilemba na nyundo mkononi. Tena jina Singh maana yake ni simba, na mashabiki wa Kenya baadaye walimwita Simba bila ya kuhitaji mfasiri. Wazungu walimpa jina la Singasinga Arukaye.

Katika Kenya ya mkoloni ngazi zilikuwa tatu. Mwenye gari alikuwa Mzungu, aliyelala chini ya gari kulitengeneza alikuwa Mhindi, na aliyempa Mhindi spana alikuwa Mwafrika. Hatulisemi hili kumpamba marehemu wala kumlaumu, maana Mhindi naye alikuwa na watu wa kuwatuma. Twalisema kwa sababu bila ya kulijua mtu hawezi kuelewa ilikuwa ni jambo gani, miaka 2 tu baada ya uhuru wa Kenya, kumwona fundi wa gereji akiwatangulia wote katika mchezo uliokuwa wa wenye magari.

Maisha yake ya kazi aliyaanza akiwa fundi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akawa mtu wa doria wa kwanza wa Chama cha Kifalme cha Magari cha Afrika Mashariki, yaani yule anayezunguka barabarani kuwasaidia wanachama waliokwama. Yafaa kuifikiri kazi hiyo. Mtu wa doria hachagui gari. Leo hukuta Ford iliyochemka, kesho Peugeot iliyovunja springi, keshokutwa Volkswagen iliyomeza maji mtoni, na kila moja ni lazima liondoke pale kwa kutumia vilivyomo sandukuni mwake. Huona kwa macho yake kitu gani hukatika kwanza katika kila aina ya gari, na katika barabara ipi. Sisi twaamini kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa skuli yake kubwa. Dereva wa kawaida hujua namna gari lake linavyokwenda, lakini Joginder alijua namna magari ya wenzake yanavyokufa.

Mashindano yenyewe yalianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakapitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalifanywa wakati wa Pasaka, na Pasaka aghalabu huangukia masika. Hapakuwa na uwanja wala uzio. Njia ilikuwa ni ile ile ya wananchi, ya changarawe, ya vumbi, ya udongo mweusi unaonata kama ulimbo, maelfu ya kilomita kwa siku chache, usiku na mchana, na ng'ombe na tembo wana haki ya kuvuka. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakarudi 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakarudi 7 tena. Msomaji anayeijua njia ya kuteremkia Karema ziwani wakati wa mvua hahitaji maelezo zaidi.

Joginder aliingia mara ya kwanza mwaka 1959, na kwa miaka kadhaa hakushinda. Mwaka 1965 alikuja na Volvo ya aina ya PV544, gari lenye mgongo wa duara kama kobe, ambalo hata wakati ule lilikuwa limepitwa na wakati. Mwaka huo huo, mwezi Oktoba, kiwanda kiliacha kabisa kulitengeneza. Wala halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kutumika katika kikosi cha kiwanda, na baada ya kikosi kutofanikiwa huku kwetu liliuzwa. Joginder na mdogo wake Jaswant wakalifungua na kulijenga upya. Walipangiwa kuondoka wa kwanza kabisa, wakafika Nairobi wakiwa wa kwanza, na waliowafuata walikuwa nyuma yao kwa saa 1 na dakika 40.

Kiwanda kilicholiunda gari kilishindwa nalo, kisha ndugu wawili wa Nairobi wakashinda na gari lile lile lililokwishatumika. Hapa ndipo panapotufaa sisi kukaa kidogo, kwa sababu tumewasikia maofisa wengi wakisema kwamba magari ya Serikali yanakufa kwa kuwa barabara ni mbaya.

Watu wengi hudhani kulirekebisha gari kwa ajili ya mbio ni kuiongezea injini nguvu. Katika viwanja laini vya Ulaya pengine ni hivyo. Katika Safari kazi ya kwanza ilikuwa chini ya gari. Waliokuwa wakiyaandaa magari hayo waliyainua juu zaidi ili tumbo lisigonge mawe. Walilehemu upya maungo ya bodi ambayo kiwandani yalishikwa kwa nukta nukta tu. Pale springi na shokapu zinapofungwa kwenye bodi waliongeza vibao vya chuma, kwa kuwa mara nyingi springi haivunjiki, ila hung'oka pamoja na kipande cha bati inachokishikilia. Walikinga sehemu ya chini ya injini kwa sahani nene, na mabomba ya breki na ya petroli wakayapitisha ndani ya gari mahali jiwe haliyafikii. Laiti mtu angelifanya jambo hilo la mwisho kwa gari lile la Misunkumilo, lisingekuwa juu ya mawe leo.

Springi na shokapu ni vitu viwili, na ajabu ni kwamba watu wanaotia saini hati za ununuzi huviona kuwa kimoja. Springi hupokea pigo la shimo kwa kukunjika. Lakini springi ikiachwa peke yake hurudi, hukunjika tena, hurudi tena, na gari huruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Shokapu ndiyo inayoizuia isiendelee kucheza, kwa kuyasukuma mafuta yaliyomo ndani kupitia vitundu vidogo, na nguvu ya pigo hugeuka joto. Katika barabara yenye mikunjo ya changarawe, mwendo wa saa nzima bila kupumzika, mafuta yale huchemka, huwa mepesi na kufanya povu, nayo shokapu huwa kama haipo. Ndiyo maana magari ya Safari yalifungwa shokapu kubwa zaidi, na mengine mbili mbili kwa kila gurudumu. Fundi asiyelijua jambo hili hukimbilia kuongeza bapa za springi. Gari huwa gumu, halikanyagi chini vizuri, na mapigo yote huhamia kwenye bodi hadi ipasuke.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba watalielewa hili upesi kuliko sisi wa bara. Wazee wa pwani waliunda mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila ya msumari, na sifa yake ilikuwa kukubali kupinda kidogo kila wimbi lilipokipiga. Chombo kigumu kikigonga mwamba hupasuka, lakini mtepe ulinyumbuka. Hata magari ya mbao ya abiria ya Unguja, ambayo fundi seremala huyavika bodi juu ya fremu ya lori, yana hesabu yake. Mbao zikikazwa kupita kiasi hupasuka kwenye maungo, zikilegezwa hulia njia nzima. Joginder hakusoma kwa waunda mitepe, lakini elimu ni moja.

Tuje kwenye injini. Zipo njia zinazojulikana za kuiongezea nguvu, nazo ni kuipa kabureta mbili, kulainisha njia za hewa katika kichwa cha silinda, kubadili mhimili unaofungua valvu, na kuongeza mgandamizo. Injini ya Volvo ile, yenye ujazo wa karibu lita 1.8, ilikuwa na sifa ya uvumilivu tangu kiwandani. Lakini kila nguvu ina gharama. Mhimili uliochongwa kwa ajili ya kasi huifanya injini iwe na nguvu inapozunguka sana na kuwa dhaifu inapozunguka polepole, na katika tope nguvu inayotakiwa ni ile ya polepole. Mgandamizo mkubwa wataka petroli nzuri. Ukitia petroli hafifu injini hugonga, na ikigonga muda mrefu pistoni hutoboka. Pia kuna urefu wa nchi. Mombasa iko usawa wa bahari, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu yake, na ziko sehemu za milima zilizo juu zaidi. Kwa kila mita 1,000 injini hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Kabureta iliyopimwa pwani ikipanda huku hutoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na dalili yake ni plagi nyeusi na moshi mweusi. Magari ya leo yana vipimo vya umeme vinavyojirekebisha vyenyewe. Wakati ule kipimo kilikuwa sikio la fundi na bisibisi.

Kwa hiyo waandaaji wa Safari mara nyingi waliipunguza injini makali badala ya kuyaongeza, wakatafuta chujio kubwa la vumbi na njia ya kuzuia maji yasifike kwenye plagi. Vijana wetu wanaokata springi ili gari liiname, na kung'oa kizuia sauti ili mtaa mzima ujue wamepita, wangefaa kuliangalia jambo hili. Anayeikata springi ya mzunguko huifanya ngumu zaidi, na humnyang'anya gurudumu nafasi ya kupanda na kushuka. Kelele hazina nguvu za farasi hata moja.

Baada ya ushindi ule ilipita miaka 9 kabla hajashinda tena. Mwaka 1966 na 1967 kombe lilikuja kwetu Tanzania kwa Bert Shankland na Chris Rothwell, katika Peugeot 404, na Dar es Salaam ilisherehekea. Joginder aliendelea kuingia kila mwaka, katika gari hili na lile, akamaliza na asishinde.

Tuseme kweli pia juu yetu wenyewe. Wapo wenzetu katika Chama, miaka ile, waliouona mchezo huu kuwa anasa ya mabepari wanaochoma petroli ya fedha za kigeni, na sisi tuliokuja baadaye tuliurithi msimamo huo bila ya kuuchunguza. Haikuwa hoja ya bure. Lakini ndani yake palikuwa na kosa. Tulimwona tajiri aliyekaa ndani ya gari, hatukumwona fundi aliyelifanya lifike. Na juu ya hilo palikuwa na suala la Wahindi. Mwaka 1968 maelfu waliondoka Kenya, na mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza kutoka Uganda, miongoni mwao familia ya Shekhar Mehta, ambaye baadaye alishinda Safari mara 5. Katika miaka hiyo ambapo kila mwenye kilemba aliulizwa ataondoka lini, watoto wa Kiafrika wa vijijini walikuwa wakisimama kando ya njia tangu alfajiri kumshangilia Simba.

Mwaka 1974 alikuja na gari dogo la Kijapani, Mitsubishi Colt Lancer ya lita 1.6, ambalo watu wengi hawakulitia maanani. Msaidizi wake alikuwa David Doig. Mbele yao alikuwako Björn Waldegård wa Uswidi katika Porsche, gari lenye injini kubwa zaidi na jina kubwa zaidi. Ilipokwisha hesabu Waldegård alikuwa wa pili. Mwaka 1976 Joginder na Doig walishinda tena, na safari hii Lancer zilishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Jina la Lancer likaanza kutajwa duniani katika mbio za magari kutokana na matope ya Kenya, jambo ambalo wanunuzi wa matoleo yake ya baadaye hawalijui.

Wakati huo mashindano yenyewe yalikuwa yamebaki Kenya peke yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na barabara ambazo watu hawa walizipita kama nchi moja zikawekewa vizuizi.

Wengi humhesabia ushindi 3. Sisi twaipenda hesabu nyingine. Aliingia Safari mara 22, akamaliza mara 19. Katika mashindano ambayo aghalabu magari mengi hubaki njiani, mtu kufika mara 19 si bahati. Chuoni, tulipokuwa wadogo, mwalimu hakukuruhusu kuufuta ubao hadi ameupitia herufi kwa herufi, na aliyekuwa na haraka ndiye aliyechelewa kuhitimu. Gari nalo hukaguliwa vivyo hivyo, nati kwa nati, na mtu wa doria huijua nati ipi hulegea kwanza.

Aliacha mbio hizo mwaka 1980. Alifariki dunia London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81, mbali na Kericho alikozaliwa. Mwaka 2021 Safari ilirudishwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002, na magari yanayoshindana leo huja na mafundi wake, kompyuta zake na vipuri vyake kutoka Ulaya na Ujapani.

Jumatatu tulirudi Misunkumilo na karatasi hizi, tukamsomea kijana yule sehemu inayohusu Volvo. Alisikiliza akiwa chini ya gari, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Alitaka kujua kama Joginder alikaza nati za springi kwa mkono wake mwenyewe au alikuwa na msaidizi. Tulimwambia kuwa alikuwa na mdogo wake. Akatoka shimoni, akatuonyesha bolti mpya ya katikati ambayo ameinunua kwa fedha zake tangu mwezi wa tatu, imefungwa katika kitambaa chenye mafuta isishike kutu, akingojea idara ile ilete barua ya kumruhusu kuifunga. Mpaka tunapeleka safu hii mitamboni, barua hiyo haijafika.